Siku Niliyokwenda Kumwita Shemeji

Mwili wa mtu nilijifunza kwa mbuzi. Shule nilifika mpaka dirishani, nikachungulia, nikaona watoto wamepangwa kimya kama viazi, nikarudi zangu kuchunga. Lakini niulize figo iko wapi nitakushikisha nimefumba macho. Niulize nyongo imejificha wapi, nitakuonyesha na nitakwambia usiipasue maana supu yote itakuwa ya kumwaga. Miaka kumi na minne nimefungua matumbo ya mbuzi pale Nyakanazi, nyuma ya banda la supu, na kama mbuzi wote niliowachuna wangepangwa mstari, wa kwanza angesimama pale njia panda na wa mwisho angekuwa anakunywa maji ya chumvi Dar es Salaam.

Shingo sikati mimi. Shingo anakata mzee mmoja Mwislamu, ili dereva yeyote anayeshuka kwenye lori ale bila wasiwasi. Kuanzia shingo kushuka chini ndiyo nchi yangu. Namtundika, namvua ngozi kama unavyomvua mtoto sweta, napasua, natoa kilichomo kwa mpangilio wake. Mbuzi wanne kila alfajiri, Jumamosi sita.

Madereva wakisubiri supu nilikuwa nawapa somo. "Mtu ni mbuzi aliyesimama," nawaambia. "Moyo ule ule, mapafu yale yale, ini pale pale chini ya mbavu za kulia. Tofauti yenu, mbuzi ana matumbo manne na hajawahi kuomba kuongezewa mchuzi." Dereva mmoja wa malori ya Burundi akaniita daktari, jina likaganda. Asubuhi nasikia tu, "Daktari, leo nikatie kitabu na taulo." Taulo ni lile tumbo lenye manyoya manyoya. Kitabu ni lile lenye kurasa. Ndicho kitabu pekee nilichowahi kukimaliza.

Na mchunaji ana haki yake. Ini likitoka, kabla halijafika kwenye mizani, kipande cha ukubwa wa kiganja kinarushwa kwenye mkaa. Chumvi, pilipili, tunakula tumesimama, mimi na mzee wa shingo, mikono bado myekundu. Hakuna aliyetupa ruhusa na hakuna aliyewahi kukataza. Kwa miaka kumi na minne nimekula ini kila asubuhi aliyoiumba Mungu, ukiacha Ijumaa Kuu.

Mke wangu nilimtoa Nemba. Kwao mbuzi analiwa na kila mwenye meno, na asiye na meno anapewa mchuzi. Kwetu Bukiriro mwanamke hali mbuzi. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ataota ndevu. Ukiuliza nani aliwahi kuota, unaambiwa hakuna, kwa sababu hawali. Siku hizi mabinti wengi wameliacha hilo jambo, wanakula mishikaki barabarani na videvu vyao laini kama yai. Lakini kwa baba yangu bado. Wiki ya kwanza nilipompeleka nyumbani, bakuli la mbuzi lilipita mbele yake, na yeye, bila kuambiwa na mtu, akalisogeza kwa upande wa wanaume, akavuta la maharage. Baba alifurahi mpaka akasimama. Akasema mama yake mzazi amerudi.

Nilipomhamishia Nyakanazi hapakuwa na wa kumwona. Angeweza kula. Ilitakiwa mimi niseme neno moja tu, kula, na sikulisema. Nilikuwa naona raha kuwa na mke wa heshima kiasi kile. Kwa hiyo mke wa mchuna mbuzi alikula ndizi kwa maharage, kesho ugali wa muhogo kwa sombe, majani ya muhogo huo huo, keshokutwa maharage kwa ndizi, na chai ya rangi juu yake.

Tulikaa miaka minne bila mtoto. Watu walishaanza kunipa pole za mafumbo. Halafu akapata mimba, na mimi siku ile nilichuna mbuzi watano badala ya wanne, wa tano nilimchuna kwa furaha tu, mwenye banda akanigombeza mpaka jua likazama.

Kliniki nesi alimvuta kope la chini akaangalia kama fundi anavyoangalia oili ya gari. Akamchoma kidole, akaandika kwenye kadi. Aliporudi nyumbani akanisimulia huku anavua kandambili.

"Damu ni nane. Inatakiwa kumi na moja kwenda juu."

"Sasa wamesemaje?"

"Wamenipa vidonge. Nile maini, nile dagaa, mboga za majani, na vidonge nisinywee chai." Akacheka kidogo. "Ameniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nikamwambia anachuna mbuzi. Akaniangalia, akasema, 'Na wewe unakosa damu?'"

Nilicheka. Nilicheka nikashika ukuta. Siku tatu nzima niliwasimulia madereva hiyo habari, kila siku naiongezea chumvi, mpaka nesi akawa ameanguka kwenye kiti kwa mshangao. Ini nilikuwa nalo mkononi wakati nasimulia.

Vidonge vilimtia kichefuchefu, akawa anavinywea chai hiyo hiyo aliyokatazwa, kwa sababu maji matupu yalikuwa yanarudi. Halafu akaanza kula udongo. Udongo wa kichuguu, mwekundu, anaumega kama mkate. Nikasema kwenye banda la supu, "Mke wangu ameshamaliza nusu ya kichuguu, huyu atanizalia kumbikumbi." Watu walilia kwa kicheko. Yeye viganja vilikuwa vimeshakuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshinda anafua. Kutoka bombani mpaka mlangoni kwetu ni hatua arobaini, mimi ndiye niliyezihesabu, na alikuwa anapumzika mara mbili, ndoo chini, mkono kiunoni. Nilikuwa najua mbuzi aliyekosa damu anavyokuwa. Ukimgeuza kope unaliona jeupe. Kwenye mbuzi nilikuwa naliona na nawaambia wenye mbuzi, huyu ana minyoo. Kwenye nyumba yangu sikuwahi kuligeuza.

Mimba ilikuwa ya miezi minane baba alipokuja kutusalimia na mkungu wa ndizi. Alilala kwetu siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa kwenye mbuzi wa pili, nikamwona baba anakuja anakimbia. Baba yangu hakimbii. Mara ya mwisho watu walimwona anakimbia nadhani ni Mjerumani alikuwa anamfukuza. Akaja mpaka kwenye kamba za kutundikia, akashika koti lake.

"Njoo," akasema. "Mkeo anamwaga damu."

Damu ya mbuzi naijua. Inatoka kwa kishindo, ni nzito, inaganda kabla hujanoa kisu mara ya pili. Ile niliyoikuta kwenye mkeka wetu ilikuwa nyepesi. Ilikuwa kama maji yaliyoosha nyama. Tuliazima pikapu ya mtu wa mafuta, tukamlaza nyuma kwenye godoro, baba akamshikia kichwa, na njia nzima mimi nilikuwa naongea. Nilimwambia mtoto ana haraka kama baba yake. Nilimwambia hospitali watamtoa huyo mtoto kama ninavyotoa figo, hutasikia kitu. Mke wangu alikuwa anahema kama aliyepanda mlima, na alikuwa amelala.

Saa tatu tulikuwa hospitali. Wakamwingiza. Baada ya muda akatoka nesi, mama wa makamo, mikono ameikunja.

"Ndugu wa huyu mama ni nani?"

Tukasimama wote wawili.

"Kwenye friji kuna chupa moja ya kundi lake, tumeshamtundikia. Haitoshi. Tunataka watu wa kutoa. Wewe ndiye mume? Ingia hapa tukupime."

Nikapiga hatua. Naapa nilipiga hatua. Baba akanishika mkono wa shati.

"Ngoja kwanza."

"Shikamoo mzee," nesi akasema, "lakini hapa hapana cha kungoja."

"Marahaba, mwanangu. Dakika moja tu."

Akanitoa mpaka kwenye ukuta wa nje. Sasa baba yangu L hana. Mungu alipogawa herufi yeye alikuwa shambani, akakuta zimebaki R.

"Sikiriza," akasema. "Damu siyo chumvi, useme unamwazima jirani. Unamkumbuka yure rafiki yangu wa ng'ambo ya mto?"

Nani asiyemkumbuka. Baba na yule mzee walinywana wakiwa vijana. Walichanjana tumboni, karibu na kitovu, kila mmoja akameza damu ya mwenzake kwenye punje ya kahawa, na tangu siku hiyo wakawa ndugu kuliko ndugu. Kovu la baba nimeliona, dogo kama mdomo wa chungu. Watoto wa yule mzee tuliambiwa ni kaka na dada zetu. Kulikuwa na binti mmoja kwao, mzuri, nilipofikia umri wa kutazama nilimtazama, na nilichapwa kwa kumtazama tu.

"Sasa," baba akasema, "ukimpa huyu binti damu yako, ikatembea ndani yake, atakuwa nani wako?"

Nikatazama mlango tuliotokea.

"Dada yako. Utarara na dada yako? Utazaa na dada yako?"

"Baba, hapa hatumezi. Wanaweka kwa mpira."

"Mdomoni inaingia mwirini, mshipani inaingia mwirini. Wewe si ndiye unayejua matumbo? Niambie inatofautiana wapi."

Akanishinda, mimi na miaka yangu kumi na minne ya matumbo. Na asije mtu akadhani baba yangu alikuwa na roho mbaya. Alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanamtoka, anayafuta na kofia. Alimpenda yule binti kuliko alivyonipenda mimi, na mimi nisingemlaumu.

"Mwite kaka yake," akasema. "Yure tayari ni damu yake. Hapo hakiharibiki kitu."

Nikaona hiyo ni hekima iliyoshuka kwa ngazi kutoka mbinguni. Tumbo moja, damu moja, kama vitoto vya mbuzi mmoja. Nikarudi ndani kwa nesi.

"Namfuata kaka yake. Yuko Nemba."

"Mpigie simu. Na wewe upimwe wakati anakuja."

"Simu yake haipatikani."

"Sawa, atafuatwa. Wewe ingia."

Hapo ndipo niliposema uongo. Nimedanganya maisha yangu yote, watu wananipenda kwa uongo wangu, lakini ule sikuutia chumvi wala pilipili. Nilisema jana nilimeza dawa za malaria. Nesi akanitazama. Kazi yake imemkutanisha na waume wengi.

"Dawa gani?"

"Za njano."

Akaandika kwenye karatasi yake. Mlango wa wodi ulikuwa wazi na mke wangu alikuwa amenigeukia. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Nikaingia, nikamshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na watu.

"Namfuata kaka yako," nikamwambia.

Alichukua muda mpaka pumzi ikamtosha. "Si uko hapa wewe?"

"Nakuja sasa hivi."

Akafumba macho.

Nilipanda bodaboda. Kijana wa watu alikimbiza mpaka nzi wakawa wananipiga usoni kama mawe, lakini mimi naona kobe wanatupita. Vumbi la njia ya Nemba nimelimeza siku ile kwa kiasi cha kupandia migomba. Nyumbani kwao nikamkuta mama mkwe peke yake. Mimi na mama mkwe hatutazamani, ndiyo heshima yetu, yeye anakaa nyuma ya mlango na mimi natazama miguu yangu. Nikaongea na miguu yangu. Nikasema binti yako amelazwa, anatakiwa damu, shemeji yuko wapi.

"Shambani," sauti ikasema nyuma ya mlango. Halafu, "Ana hali gani?"

Nikasema, "Anaongea." Ndilo jambo la kweli nililokuwa nalo.

Shemeji nilimkuta anapalilia muhogo upande wa pili wa bonde, simu ameiacha kwenye kibanda cha kuchajia. Sikumaliza sentensi. Aliliacha jembe limesimama kwenye udongo na tukaondoka, yeye ana matope mpaka magotini. Tulikaa watatu kwenye pikipiki moja, yeye nyuma yangu, pumzi yake shingoni kwangu.

"Wewe umetoa ngapi?" akauliza.

"Bado."

"Bado kutoa, au bado kupimwa?"

Upepo ulikuwa mkali, ningeweza kujifanya sikusikia.

"Bado kupimwa."

Shemeji yangu ni mtani. Tangu nimuoe dada yake hajawahi kuniacha nipite bila kunichana. Siku ile hakusema neno mpaka hospitali.

Tulifika saa nane. Nesi alimshika mkono akampeleka moja kwa moja, matope yake na yote. Baba alikuwa kwenye benchi. Nikakaa. Baba akaniambia mtoto ametoka saa saba, wa kike, hakulia.

Shemeji kundi lake lilifaa. Akatoa. Baada ya kuipima huko ndani wakamtundikia dada yake, na jioni midomo ikaanza kurudi rangi. Alipona. Nilisimama dirishani nikaona ile chupa inashuka tone moja moja, nikasema kimyakimya, Mungu asante, nikasema mara nyingi kuliko rozari. Mtoto alifungwa kwenye kitenge cha kuzikia. Mimi nilimwona uso. Alikuwa na nywele nyingi. Siongezi hapo, nywele zilikuwa nyingi kweli.

Kwenye saa kumi nesi akanirudia. Friji ilitakiwa ijazwe, akasema, watu wengine wanakuja kesho. Hakuniuliza habari za malaria. Baba alikuwa amekwenda kunawa uso kwa maji ya bomba, au kulia, sijui. Nikampa kidole. Alichukua matone yangu, akayachanganya na vitu vyake kwenye kigae cheupe, akatikisa, akaangalia.

"Wewe ni B."

"Ndiyo nini?"

"Mkeo ni O. Anapokea O tu. Hii ya kwako hata ungeitoa asubuhi isingemfaa, mwili wake ungeikataa. Ataipata mwingine."

Kaka wa mtu anaweza asifae, akanieleza, na mtu baki kabisa akafaa. Tumbo moja siyo damu moja. Ilikuwa bahati tu ya shemeji kufanana na dada yake. Nilikuwa nasikia nusu. Nilikuwa nimelala kwenye kile kitanda, mpira mkononi, damu inashuka kwenye mfuko, na furaha imenijaa mpaka nataka kuimba. Isingemfaa. Asubuhi, mchana, kwa ukaidi wa baba au bila ukaidi, isingemfaa. Nilishuka kitandani mwepesi kama mtu aliyesamehewa na jimbo zima, nikanywa soda yao, nikaenda wodini kumpelekea mke wangu hiyo habari kama zawadi.

Alikuwa macho. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamweleza yote. B, O, mwili unakataa. Nilieleza vizuri, kama ninavyowaeleza madereva.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umepimwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Na kaka alikuja saa ngapi?"

"Saa nane."

Akageuza uso ukutani, taratibu, kwa sababu ya mpira wa mkononi.

"Basi asubuhi ulikuwa hujui," akasema.

Nimekuwa na majibu maisha yangu yote. Ukinitukana njia panda, kabla hujafunga mdomo nimeshakurudishia na riba. Nilikaa pale mpaka nesi aliponitoa.

Alipotoka hospitali alikwenda kwao Nemba. Ni kawaida, mwanamke akitoka kwenye jambo zito anauguzwa na mama yake. Hakuna aliyesema ameondoka. Nguo zake alizichukua za kawaida tu, zile nzuri akaziacha. Mimi nikarudi kwenye mbuzi.

Baba alikuja wiki mbili baadaye. Aliposikia habari ya B na O alikaa kwenye kigoda akapiga paja.

"Kwa hiyo haikuchanganyika."

"Haikuchanganyika, baba."

"Basi ni mke wako kabisa. Kamchukue."

Alikuwa anafurahi kwa dhati. Nilimtengea ndizi. Sikumwambia alichosema mke wangu, sijamwambia mpaka leo. Mzee mwenyewe tangu pale amepungua, anauliza habari zake kila akipiga simu, na nikisema hajambo anauliza tena.

Nilikwenda Nemba nimebeba sukari, sabuni, na dagaa gunia dogo. Shemeji alikuwa uani.

"Karibu shemeji," akasema. "Leo njiani umeogopa nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachukua gunia akaingiza ndani.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage. Amenenepa kidogo mashavuni. Viganja bado vilikuwa na weupe. Nikakaa, nikachukua maganda yangu na mimi, tukapukuchua. Nilimsimulia habari za Nyakanazi. Nilimsimulia lori lililopinduka na nyanya, barabara nzima ikawa mchuzi, watu wakatoka na ugali. Alitabasamu pale pa ugali. Nikaona ndiyo nafasi.

"Utarudi lini?"

Mikono yake haikusimama. "Damu ikijaa."

"Sasa imefika ngapi?"

"Nane na nusu."

"Inatakiwa ngapi?"

"Kumi na mbili, kwa ambaye hana mimba."

Nikataka kusema habari ya asubuhi ile. Nilishaipanga njia nzima, nilikuwa na maneno mazuri, ya kuomba, hata machozi nilikuwa nayo tayari. Nikafungua mdomo nikasema, "Usinywe vidonge na chai."

"Sinywi," akasema.

Tangu siku hiyo nampigia. Anakwenda kupima kila mwezi, na siku hiyo jioni napiga, nikiwa nimekaa kwenye gogo nyuma ya banda. Hatuongei mengi. Mvua imenyesha huko? Imenyesha. Mama hajambo? Hajambo. Imefika ngapi?

Mwezi wa kwanza akasema tisa na nusu. Niliwanunulia madereva wawili chai. Mwezi uliofuata akasema kumi, na sauti yake ilikuwa nzuri, alicheka hata, nilimwambia habari ya jogoo aliyepanda basi la Kahama. Uliofuata akasema kumi na moja. Nikafagia nyumba. Nilifagia mpaka chini ya kitanda, mahali ambapo ufagio haujafika tangu tuhamie, nikapiga chokaa ukuta wa mbele.

Uliofuata akasema tisa.

"Tisa?" nikauliza. "Imerudi nyuma?"

"Imerudi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Unakula?"

"Nakula kila kitu," akasema. "Huku kwetu nakula kila kitu."

Nikamuuliza nesi wa kliniki ya hapa, nikijifanya naulizia mtu mwingine. Akasema inaweza kushuka, malaria inashusha, minyoo inashusha, siku za mwanamke zikiwa nzito zinashusha. Kwa hiyo inawezekana. Nimeshika vidole, nimehesabu sababu hizo mara nyingi. Inawezekana.

Mwezi wa baadaye ikawa kumi. Halafu kumi na moja tena. Namba inapanda, na mimi nilikuwa naisikia inapanda, na kila ilivyopanda ndivyo maongezi yetu yalivyozidi kuwa mafupi. Mwezi uliopita alisema kumi na moja na nusu. Akasema kwaheri kabla sijauliza habari za mvua.

Juzi ilikuwa siku yake ya kupima. Jioni nilikaa kwenye gogo, simu mkononi, salio lipo, mtandao upo. Mzee wa shingo akapita akaniuliza, "Daktari, leo hupigi?" Nikamwambia chaji imeisha. Jana sikupiga, na leo sijapiga. Naogopa itakuwa imefika kumi na mbili.